Sinai ni Afrika au Asia, na kuna nini huko zaidi ya Mlima wa Musa?

Dada mmoja wa Mwanza kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kanisani kwetu tunaandaa safari ya hija kwenda Misri mwakani, Cairo siku 3 afu Sinai siku 1 tu, tunapanda mlima wa Musa usiku na kesho yake tunarudi. Mume wangu ni Muislamu na anataka twende wote. Sasa naomba kuuliza, hiyo Sinai ni Afrika au Asia maana kila mtu anasema lake, kuna nini cha kuona zaidi ya mlima, na je mume wangu naye atakuta chake huko au atakuwa anatusindikiza tu?"

Marahaba dada yangu, na shemeji msalimie sana. Mi nilisoma Cairo miaka ile ya ujana, na tangu hapo nimeshavusha makundi ya Wakristo na Waislamu wa Dar, Arusha na Nairobi kwenda Sinai mara nyingi tu, na sehemu hiyo naipenda kupita kiasi, kwaiyo jibu litakuwa refu. Nianze na ile iliyoniuma kwenye swali lako, hiyo siku 1. Waambie waandaaji wenu waongeze siku, hata wakipunguza Cairo. Sinai watu wote wanaipita mbio, wamefanya hivyo tangu enzi za mafarao, na wanaoipita mbio wanaondoka na picha ya mawio tu.

Haya, Afrika au Asia. Kiserikali ni Misri, na Misri ni nchi ya Afrika, basi. Kijiografia lakini mpaka wa mabara mawili unahesabiwa pale shingo ya Suez, kipande cha nchi kavu cha kama kilomita 125 kati ya Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu, na siku hizi watu wanautumia Mfereji wa Suez wenyewe kama mstari. Magharibi ya mfereji ni Afrika, mashariki yake ni Asia, na Sinai yote iko mashariki. Yaani Mmisri wa mjini Ismailia anaweza kunywa chai Afrika, apande pantoni na kumaliza kikombe cha pili akiwa Asia, na hajaonesha paspoti popote. Wataalamu wa miamba nao wana jibu lao la tatu, wanasema Sinai ni kipande chake chenyewe kilichobanwa kati ya bamba la Afrika na bamba la Arabuni, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia. Upande wa kushoto ina Ghuba ya Suez ambayo kina chake hakifiki hata mita 100, upande wa kulia ina Ghuba ya Aqaba ambayo inazama zaidi ya mita 1,800, na hiyo Aqaba iko kwenye mpasuko mkubwa ule ule ambao ukiufuata kusini kupitia Bahari ya Shamu unafika Ethiopia na kuwa Bonde la Ufa letu la Naivasha, Natron na Manyara. Kwaiyo ukisimama Nuweiba ukaona milima ya Saudia ng'ambo ya maji, ujue unaangalia ndugu wa lile ukuta la Mto wa Mbu.

Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 60,000, Burundi mbili na zaidi kidogo. Kaskazini ni mchanga na pwani, katikati ni uwanda mkavu wa chokaa, kusini ndo milima ya granaiti nyekundu. We wa Mwanza mawe makubwa hayakutishi, lakini haya hayana ziwa wala majani, yako uchi kabisa, na jua likichwea yanageuka rangi kama mkaa uliokolea moto.

Sasa kuhusu kuwa daraja. Binadamu wa kwanza kutoka Afrika kwenda nje, njia yao mojawapo ilikuwa hapo, maana upande wa pili, kwenye pango la Misliya huko Israel, umepatikana mfupa wa taya la mtu wa aina yetu wenye umri kama miaka 180,000. Baadae mafarao wakawa na barabara ya jeshi pwani ya kaskazini ikiitwa Njia za Horus, ina ngome na visima, na Thutmose wa 3 na Ramses wa 2 walipita humo kwenda kupigana Kanaani. Waajemi walikuja kwa njia hiyo mwaka 525 kabla ya Kristo, Alexander mwaka 332, Amr ibn al-As na wapanda farasi wake kama 4,000 mwishoni mwa 639 akiuleta Uislamu Misri, Napoleon alipita 1799 akielekea mji wa Akka, Waturuki wakaja kuushambulia mfereji 1915. Na kwa Maandiko, Yusufu aliuzwa kupitia upande huo, na Wakopti, Wakristo wa Misri, wana mapokeo kwamba Mariamu, Yusufu na mtoto Yesu walipita Rafah, Arish na Farama walipomkimbia Herode. Kuna mji pale mferejini unaitwa El Qantara, maana yake kwa Kiarabu ni "daraja", na jina hilo ni la zamani sana kabla hata mfereji haujachimbwa. Siku hizi kweli wamejenga daraja kubwa hapo kwa msaada wa Wajapani, limefunguliwa 2001, liko mita 70 juu ya maji ili meli zipite chini.

Mfereji utauona mkitoka Cairo, au tuseme hamtauona vizuri, maana basi za mahujaji mara nyingi zinapita chini yake, kwenye handaki la Ahmed Hamdi karibu na mji wa Suez. Dakika chache za taa za njano, mnatokea Asia. Mwombe dereva asimame hata kidogo kabla, sehemu inayoruhusiwa, muone meli inavyopita katikati ya jangwa kama inatembea juu ya mchanga, hicho kitu hakichoshi macho. Ulifunguliwa Novemba 17, 1869 baada ya miaka 10 ya kuchimba, una urefu wa kilomita 193, na umetugusa hata sisi, maana kabla yake meli ya Ulaya kuja Zanzibar ilizunguka rasi ya kusini mwa Afrika, na ulipofunguliwa tu, miaka michache meli za moshi za barua zikaanza kuja Zanzibar kwa ratiba. Rais Nasser wa Misri aliutaifisha 1956 ikaleta vita. Vita vya 1967 vikaufunga miaka 8 nzima, meli 14 zikabaki zimekwama kwenye Ziwa Chungu Kubwa katikati ya mfereji, mabaharia wa mataifa tofauti wakaishi humo kama kijiji, wakachora stempu zao wenyewe na mwaka 1968 wakafanya hadi Olimpiki yao.

Vita sitavimaliza hapa. Israel iliichukua Sinai yote 1967, Wamisri wakavuka mfereji Oktoba 6, 1973 wakibomoa ukuta wa mchanga wa adui kwa mabomba ya maji (wazo lilitoka kwa ofisa mmoja wa uhandisi, mchanga unaoshindwa na risasi unasombwa na maji), mkataba wa amani ukasainiwa Machi 1979, Israel ikaondoka Aprili 25, 1982, na kile kipande cha mwisho cha Taba kikarudi 1989. Tarehe 25 Aprili Misri ni sikukuu mpaka leo, mkienda wakati huo mahoteli yanajaa.

Kitu ambacho nataka ukijue kabla ya mlima ni machimbo ya feruzi. Kusini magharibi kuna mlima unaitwa Serabit el-Khadim, unapanda kama saa moja na kitu, juu kuna mabaki ya hekalu la mungu mke Hathor ambaye Wamisri wa kale walimwita bibi wa feruzi, yale mawe ya kijani-bluu. Serikali za mafarao zilituma watu huko kuchimba, na kati ya wachimbaji walikuwepo Wakanaani, watu wa Asia wanaoongea lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Hao watu waliona Wamisri wanavyoandika kwa picha mamia kwa mamia, wao hawakusomea, wakafanya kitu rahisi ambacho hakuna aliyewahi kukifanya hivyo: wakachukua picha chache tu, kila picha wakaipa sauti ile ya mwanzo ya jina lake. Kichwa cha ng'ombe kwao ni "alp", kikawa sauti ya mwanzo ya "alp". Nyumba ni "bet", ikawa B. Maji ni "mem", yale mawimbi yakawa M. Mwingereza Petrie, mtafiti wa mambo ya kale, alipochimba pale 1905 akakuta maandishi hayo yamechorwa ovyo ovyo kwenye mawe, na mwaka 1916 mtaalamu mwenzake Gardiner akalisoma neno moja kwenye sanamu ndogo, "Baalat", yaani Bibi, ndo huyo huyo Hathor. Ni kati ya maandishi ya alfabeti ya kale kabisa yanayojulikana duniani, yanakaribia miaka 4,000.

Chukua kalamu dada, andika herufi A kubwa, igeuze juu chini. Umeona pembe? Hiyo ni ng'ombe wa Sinai. Imepita kwa Wafoinike, kwa Wayunani, kwa Warumi, ikafika kwenye daftari la mtoto wako wa darasa la kwanza. Na tawi la pili la alfabeti hiyo hiyo likaenda kwa Waaramu, kwa Wanabati (Waarabu wa kale), likawa alif na be za Kiarabu, na ndizo ambazo wazee wa pwani yetu waliandikia Kiswahili, tenzi na barua, muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini. Wanabati nao waliacha majina yao na salamu kwa maelfu kwenye majabali ya Sinai, kuna bonde zima linaitwa Wadi Mukattab, yaani bonde la maandishi. Kwaiyo Kiswahili tumekiandika kwa hati mbili, na zote mbili ukifuatilia mizizi zinakupeleka kwenye jangwa hili. Mi nilipoambiwa hilo mara ya kwanza, nimesimama pale juu na upepo unapiga, nilinyamaza muda mrefu. Serabit inahitaji gari la miguu yote minne na muongozaji wa Kibedui, basi la kanisa halifiki, lakini kama mtapata kikundi kidogo cha watu 5 au 6 wenye magoti mazuri, fanyeni.

Haya, tuje Mtakatifu Katerina. Monasteri iko kama mita 1,500 na kitu juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima, na ilijengwa kwa amri ya Justinian, mfalme wa Kirumi aliyekaa Constantinople, kati ya 548 na 565, na tangu hapo wamonaki hawajawahi kuikimbia, ndo maana inahesabiwa kuwa monasteri kongwe kuliko zote ambayo watu wameishi bila kukatika. Milango ya kanisa lake ni ya mbao ya wakati huo huo, unaigusa ina miaka zaidi ya 1,400. Ndani kuna kijiti ambacho kwa mapokeo ndo kile kilichowaka moto bila kuteketea, kinapandia juu ya ukuta, na nyuma ya altare kuna kikanisa chake ambacho anayeruhusiwa kuingia anavua viatu, kama Musa alivyoambiwa. Kuna pia chumba cha mifupa ya wamonaki waliotangulia, udongo ni mchache na mwamba ni mgumu, kwaiyo wanazikwa kwa muda afu mifupa inafukuliwa na kupangwa pamoja, mafuvu upande wake. Waandae wamama wa kwenye kikundi, wapo wanaoshtuka.

Ikoni zao, yaani picha takatifu, ni hazina. Kule Constantinople kuanzia 726 watawala walipiga marufuku picha takatifu, nyingi sana zikachomwa, na marufuku ile ilikuja kukoma kabisa 843. Za Sinai zilisalimika kwa sababu Sinai ilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu, amri ya mfalme wa Kikristo haikufika. Ndo maana picha ya Kristo ya karne ya 6 bado ipo pale, ile yenye uso ambao nusu moja ni mpole na nusu nyingine ni kali, uizibe kwa kiganja upande mmoja mmoja utaona. Na maktaba yao ina maandiko ya mkono zaidi ya 3,000, ya Kiyunani, Kiarabu, Kisiria, Kijojia, mpaka ya Ethiopia. Humo ndimo ilimokuwa ile Biblia ya karne ya 4 inayoitwa Codex Sinaiticus. Mjerumani Tischendorf alichukua karatasi 43 mwaka 1844, akarudi 1859 akachukua sehemu kubwa kwa jina la mfalme wa Urusi, na Urusi ya Stalin ikaiuzia Uingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Wamonaki mpaka kesho wanasema waliazimisha tu, na mi niko upande wao. Mwaka 1975 zikapatikana kurasa nyingine kwenye chumba kilichokuwa kimefukiwa, hizo zimebaki nyumbani.

Sasa shemeji. Mwambie asije kama msindikizaji. Kwenye Surat At-Tin Mwenyezi Mungu anaapa kwa mlima huu, "wa Turi Sinina", ipo sura nzima inaitwa At-Tur, na kwenye Ta-Ha Musa anauona moto na anaambiwa avue viatu vyake. Akiingia ndani ya kuta za monasteri ataona mnara wa kengele, na hatua chache tu pembeni ataona mnara wa msikiti, ndani ya ngome ile ile, msikiti uliowekwa enzi za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri wa wakati ule, na haujawahi kubomolewa. Aulizie pia nakala ya ahadi ya Mtume, wenyewe wanaiita Ashtiname, ambayo kwa mapokeo Mtume Muhammad (SAW) aliwapa wamonaki ulinzi, wasibughudhiwe wala kanisa lisivunjwe, na chini yake pamewekwa alama ya kiganja. Wanazuoni wanabishana juu ya asili ya hati hiyo, lakini watawala wa Kiislamu waliiheshimu karne baada ya karne, na sultani wa Waturuki, Selim wa 1, mwaka 1517 inasemekana aliichukua ile ya asili akawaachia nakala. Halafu kuna njia ya mahujaji wa Makka. Msafara wa Misri ulikata Sinai katikati kupitia ngome ya Nakhl mpaka Aqaba, na Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyehiji 1324 na dhahabu yake akipitia Cairo, aliifuata njia ya msafara huo. Baadae hija ilipohamia kwenye meli, mahujaji waliorudi walishushwa karantini El Tor, pwani ya Ghuba ya Suez, kuhofia kipindupindu. Kwaiyo atakuwa anakanyaga nchi waliyokanyaga Waislamu wengi wa Afrika Magharibi na Kaskazini walioitamani Kaaba.

Mlima wenyewe, Jabal Musa, una mita 2,285. Watu wanaanza saa 7 au 8 usiku, njia ya ngamia inachukua saa 2 mpaka 3 kwa mwendo wa kawaida, kisha mwishoni kuna ngazi 750 za mawe ambazo ngamia haendi. Vibanda vya chai viko njiani. Mkishuka, wenye nguvu washuke kwa ile njia ya pili, ngazi 3,750 zilizopangwa na wamonaki, zinaitwa ngazi za toba, mnapita bonde dogo la Eliya lenye miti ya misaiprasi. Juu kileleni kuna kanisa dogo na msikiti mdogo, vyote viwili. Jirani yake, Jabal Katerina, ndo mrefu kuliko yote Misri, unapita mita 2,600, na hauna watu, mi binafsi nikiwa peke yangu ndo naupanda huo.

Na hapa ndo nafika kwenye sababu yangu ya kukwambia muongeze siku. Hao wanaowashika mkono usiku gizani na kuongoza ngamia ni Wajebeliya, Wabedui wa mlima huo. Mapokeo yao yanasema mababu zao waliletwa na Justinian, wengine kutoka upande wa Bahari Nyeusi na wengine kutoka Misri, kuilinda monasteri. Baadae wakasilimu, wakaoana na Waarabu, lakini ile kazi hawakuiacha miaka 1,400 na zaidi, na mpaka leo ni Waislamu wanaolinda nyumba ya Wakristo. Kila kabila la Sinai lina eneo lake: Wajebeliya mlimani, Muzeina upande wa Dahab na Sharm, Tarabin kuelekea Nuweiba, Sawarka kule kaskazini. Mahujaji wetu wanawapita hawa watu gizani, wanawalipa ngamia, wanashuka, wanapanda basi, hawajui hata jina la aliyewashika mkono kwenye jiwe linaloteleza. Imeniuma kila mara. Nilianza kuomba makundi yangu yakae nao angalau nusu siku, na hakuna hata kundi moja lililojuta.

Mtaletewa chai kwanza, nyeusi, sukari nyingi, na majani ya marmaria ambayo yanafanana harufu na dawa ya kifua ya bibi. Usikatae. Halafu omba wakuoneshe mkate wa majivuni, wanauita libba. Mzee mmoja Mjebeliya alitufanyia hivi: kuni za mgunga zinawaka mpaka zinakuwa makaa, unga, maji na chumvi vinakandwa kwenye beseni bila hamira, unapigwa mkononi mpaka unakuwa kama chapati nene ya ukubwa wa sinia. Makaa yanasukumwa pembeni kwa fimbo, mkate unatandazwa moja kwa moja juu ya mchanga wa moto, makaa yanarudishwa juu yake. Ukiuangalia unasema umeharibika. Baada ya dakika kadhaa anaufukua, anaugeuza, anaufukia tena, kisha anautoa na kuupiga piga kwa fimbo na kitambaa, majivu yote yanaruka, hakibaki hata chembe moja ya mchanga, na ndani umeiva laini unatoa moshi. Unaumegwa kwa mkono, unachovywa kwenye mafuta ya zeituni. Wale wamama niliokuwa nao kutoka Arusha waliimba.

Wana bustani pia huko mabondeni, zimezungushiwa mawe, za lozi, aprikoti, zabibu, maji yanatoka kisimani, na chini zaidi Wadi Feiran ina msitu wa mitende, oasisi kubwa kuliko zote kusini. Kwenye mimea ya zaatari ya mlimani kuna kipepeo wa bluu ambaye hapatikani popote duniani ila hapo, ni kati ya vipepeo wadogo kabisa, ukucha wa kidole gumba unamfunika. Na ukienda njia ya Ain Hudra utakuta nawamis, vijumba vya mviringo vya mawe bila udongo wala saruji, milango yote inatazama machweo, ni makaburi ya miaka 5,000 na zaidi, yana umri kuliko piramidi. Nawamis maana yake mbu, eti wana wa Israeli walijenga ili kujificha na mbu, ndivyo Wabedui wanavyosimulia. Mwaka 2015 makabila yaliungana wakaanzisha njia ya miguu ya Sinai, ilianza kilomita 220 na makabila 3, sasa imefika 550 na makabila 8, kila kabila linakupokea mpakani mwake na kukukabidhi kwa jirani. Na tangu 2019 wapo wanawake wa kabila la Hamada wanaoongoza wageni wanawake wenzao. Kwa kikundi cha wamama wa kanisa hilo sijaona mfano wake.

Bahari nitaigusa kidogo maana najua hija sio ufukwe. Dahab, ambayo ni neno letu dhahabu, ni mji mdogo wa utulivu saa 2 hivi kutoka Katerina, unafaa kupumzisha miguu. Matumbawe yako hatua chache kutoka mchangani, unavaa miwani ya maji tu na kuinamisha uso, huhitaji mitungi. Ras Muhammad, ncha kabisa ya kusini, ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Misri, tangu 1983. Ile Blue Hole ya Dahab, shimo refu la baharini, mtazame juu juu, vijana waliojaribu kupita tundu lake la chini, kina cha mita 50 na kitu, wengi wamefia humo, mabamba ya majina yao yamebandikwa kwenye mwamba.

Usalama nisikufiche. Kaskazini, Arish mpaka Rafah, msiende, na polisi hawatawaruhusu. Huko Novemba 2017 walishambuliwa watu wakiwa kwenye swala ya Ijumaa msikiti wa Rawda, wakafa zaidi ya 300, na mpaka wa Gaza nao uko huko huko. Kusini, yaani Katerina, Dahab, Sharm, ni eneo jingine kabisa, wageni wanaenda kila siku, ila vizuizi vya polisi ni vingi, paspoti iwe mkononi sio kwenye sanduku chini ya basi. Viza muulizie ubalozi wa Misri Dar mapema, masharti yanabadilika. Na mjue Katerina saa hizi kuna ujenzi mkubwa, mahoteli na barabara, serikali inataka watalii wengi zaidi. Mi moyo unanikaa vibaya nikiona greda kwenye bonde lile, lakini ndo sababu nyingine ya kwenda sasa na sio miaka 10 ijayo.

Kwaiyo ratiba yenu ningeipanga hivi. Cairo siku 2. Siku ya 3 mtoke alfajiri, ni safari ya saa 6 mpaka 7, msimame Ayun Musa, vile visima vya Musa karibu na Suez, mfike Katerina jioni na MLALE, msipande mlima usiku huo huo mmechoka na basi, nimeshaona mtu anazimia njiani kwa hilo. Siku ya 4 asubuhi monasteri, inafunguliwa saa chache tu kabla ya mchana, na Ijumaa na Jumapili huwa imefungwa, hii ndo inayokosesha makundi mengi ya kwetu maana wanapanga wafike Jumapili wasali pale. Mchana mkae na Wabedui bustanini, mle libba, mlale mapema. Usiku wa manane mpande. Siku ya 5 mshuke, mle, muende Dahab mlale usingizi wa kweli, siku ya 6 mrudi. Machi, Aprili, Oktoba na Novemba ndo miezi mizuri. Desemba mpaka Februari kileleni kunashuka chini ya sifuri na theluji huanguka, na watu wetu wanakuja na kandambili na kitenge. Kila mtu awe na jaketi zito, soksi mbili, glavu, tochi ya kichwani, na viatu alivyokwisha kuvivaa angalau mwezi mzima. Blanketi wanakodisha juu pale vibandani, wekeni hela ndogo ndogo za Kimisri za chai na ngamia, na bei ya ngamia mkubaliane kabla ya kupanda, sio katikati ya njia.

Shemeji akitaka kuswali alfajiri juu kabisa, atangulie kidogo na mwongozaji, ule msikiti ni mdogo na wakati mwingine umefungwa, wengi wanaswali nje kwenye mwamba ubavuni mwake. Ninyi mtakuwa mnaimba upande wa kanisa, ni hatua chache tu, mtasikiana. Mkishapata tarehe niandikie, nikutafutie yule mzee wa mkate kama bado yuko bondeni msimu huo, maana kiangazi huwa anahama na mbuzi wake kwenda juu.